Neno "Ziba"

Kuna maneno mtu huyasema amesimama, kwa haraka, mkono mmoja mfukoni, kisha huyabeba kwa zaidi ya miaka kumi. Langu lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa "ziba". Nililitamka mwaka 2013 chini ya mkwaju mmoja pale Kibiti, mbele ya injini iliyokuwa imetolewa katika gari moja na kutiwa katika gari jingine. Mimi si fundi. Ni mwalimu, nimefundisha watoto, nikafundisha walimu, na hatimaye nikawa mkuu wa chuo cha ualimu mpaka nilipostaafu mwaka 2010 na kurudi kwetu Mahege kulima korosho na kusikiliza redio. Lakini mwalimu ni mtu aliyezoea kuulizwa, na mtu aliyezoea kuulizwa huwa mwepesi wa kujibu hata pale asipojua.

Swali ninalotaka kulitafakari pamoja nawe, msomaji, ni la zamani. Mtu akiharibu kitu kwa sababu hakujua kazi yake, ana hatia au hana? Na kama alikuwepo mwingine pembeni, asiyejua vilevile, lakini mwenye sauti kubwa zaidi, hatia hiyo igawanywe vipi? Nitalieleza kwa njia ya gari, kwa kuwa ndiko nilikojifunzia, tena kwa gharama.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuwa na Land Rover 109, yale marefu ya zamani yaliyowahi kuwa ya serikali na miradi kabla ya kuangukia mikononi mwa wafanyabiashara wadogo. Alibebea abiria, nazi, mihogo na samaki kati ya Kibiti na Nyamisati, ambako watu huteremka kwenda kupanda vyombo vya Mafia. Injini yake ilikuwa ile ya petroli ya lita 2.25, nzee, yenye moshi, na kiu yake ya mafuta ilikuwa inamaliza faida yote. Mpwa wangu akapata habari ya Discovery lililopata ajali, ambalo injini yake ilikuwa inauzwa Ilala, Dar es Salaam. Ilikuwa ile dizeli ya lita 2.5 ambayo Waingereza waliipa jina la 200Tdi na kuanza kuitia katika Discovery mwaka 1989. Wengi wamekwisha kuzihamishia injini za namna hiyo katika Land Rover kuukuu, nazo hukubali. Fedha zilipungua, akaja kwangu. Nikatoa sehemu ya kiinua mgongo changu. Kuanzia siku hiyo gari lile likawa na wenyewe wawili, ingawa mmoja wao hakujua hata mahali pa kumimina oili.

Fundi alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano. Sitamtaja jina, kwa sababu utakazoziona mwenyewe. Hakusoma ufundi chuoni. Alijifunza kwa kumshikia mwenzake spana, kama walivyojifunza mafundi wetu wengi. Baba yake nilikuwa nimemfundisha darasa la tano. Kila asubuhi nilipanda bodaboda kwenda Kibiti, nikakaa juu ya tairi na gazeti langu, nikimtazama akipima, akichomelea maunti mpya, akisukuma na kuvuta. Kusema kweli nilifurahi. Mtu aliyeshika chaki maisha yake yote huona raha kutazama kazi ambayo, ikiwa na kosa, chuma chenyewe husema.

Siku ya tisa au ya kumi injini ilikuwa imekaa. Mabomba ya mafuta yameungwa, mipira miwili mikubwa ya maji imefungwa, mmoja juu na mmoja chini ya rejeta. Kijana akaniita. Alikuwa ameshika ncha ya kimpira chembamba, kisichozidi unene wa kidole. Kilitokea kwenye nyumba ya themostati, yaani pale juu ambapo maji ya moto huiaga injini.

"Mwalimu," akaniambia, "hiki sijui kinakwenda wapi. Gari hili la zamani halina kitangi cha pembeni. Nadhani katika lile Discovery kilikwenda kwenye kitangi. Nipe siku mbili niende Dar nikalitazame gari jingine lenye injini hii."

Siku iliyofuata gari lilikuwa limekwisha kukodiwa. Kulikuwa na arusi, watu wa upande wa bwana arusi walikuwa wametoa fedha ya kutangulia, na mpwa wangu alikwishazinunulia matairi. Nikakitazama kile kimpira. Nikatazama injini nzima, kubwa, nyeusi, nzito kama ng'ombe. Nikaona ni jambo lisilofanana na mzigo wa siku mbili.

"Kitu kidogo namna hii?" nikasema. "Ziba."

Akasita. Nakumbuka alisita, maana alifuta mikono kwa kitambaa ingawa alikuwa bado hajamaliza kazi. Kisha akachukua bolti fupi, akaisukumia ndani ya kimpira, akaibana kwa klampu. Tukanywa chai.

Sasa nieleze kile kimpira kilikuwa na kazi gani, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye na mjukuu wangu aliyesomea magari VETA, na kama nilivyojiridhisha mwenyewe kwa kufikiri. Usiruke sehemu hii kwa kudhani ni ya mafundi. Humo ndimo lilimo jambo lenyewe.

Injini huunguza mafuta ndani ya silinda, na joto lake lisipoondolewa chuma hulegea na kupinda. Kwa hiyo hupitishwa maji kandokando ya silinda na ndani ya hedi, yakabeba joto mpaka kwenye rejeta, yakapozwa na upepo, yakarudi. Mfuniko wa rejeta huyabana maji yale ili yasichemke kwenye nyuzi 100 kama ya jikoni. Yakiwa na mgandamizo wa kama mara mbili ya hewa ya kawaida, hufika karibu nyuzi 120 ndipo yachemke. Mpaka hapo yote ni sawa. Shida ni hewa. Unapomimina maji katika injini tupu, hewa iliyokuwamo haina budi kutoka, na hewa hupanda. Hukimbilia mahali pa juu kuliko pote na kujikusanya pale. Na hata injini inapokwisha kujaa, yako maeneo ndani ya hedi ambayo maji huchemka kidogo kidogo yanapogusa chuma kikali, yakatoa vipovu vya mvuke. Maji yakigeuka mvuke katika hali ya kawaida huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Hata vikiwa vidogo, vipovu hivyo vikikosa njia hukutana, vikawa kifuko. Na chuma kilichozungukwa na kifuko cha mvuke hakipoi kama chuma kilichozungukwa na maji.

Ndiyo maana waundaji huweka kinjia kidogo pale juu. Hupanda bila kubonyea wala kutengeneza nundu, mpaka kwenye kitangi cha akiba kilichowekwa juu kuliko injini yote. Hewa na mvuke hupita humo, hufika kitangini, hutulia, na maji hurudi chini kwa mpira mwingine. Kinjia ni chembamba makusudi. Kingekuwa kipana, maji ya moto yangekifanya njia ya mkato na kurudi bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo udogo ule ulioniambia kwamba ni kitu cha kupuuza ulikuwa umepimwa. Nasikia hata Wamarekani, ambao hupenda sana kuhamisha zile injini kubwa za General Motors za jamii ya LS zilizoanza mwaka 1997, mahangaiko yao ni hayohayo: vitundu vya mvuke vilivyo kwenye pembe za hedi, vielekezwe wapi katika gari ambalo halikuumbwa kwa ajili yake. Injini huhama na mwili wake mzima. Kinachosahaulika ni pumzi.

Mama zetu walilijua hilo bila rejeta. Nani asiyejua kwamba ukipalia wali makaa juu ya mfuniko, bado mvuke utautafuta ukingo wa sufuria?

Arusi ilikwenda vizuri. Gari likaenda wiki ya kwanza, likaenda ya pili. Mpwa wangu alisifu nguvu zake kwenye mchanga. Kila asubuhi aliongeza maji kidogo, akasema ni kawaida ya gari kuukuu. Kisha usiku mmoja wa wiki ya tatu likafa porini, likitokea upande wa Nyamisati, na abiria kumi na wawili ndani, mmoja wao mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa uzazi ambaye alikuwa anapelekwa hospitali. Hedi ya injini ile ni ya aluminiamu, na bloku ni ya chuma. Joto likizidi, havitanuki sawasawa. Hedi ilipinda, gasketi ikaungua, maji yakaingia kusikotakiwa, pistoni zikakamata. Injini ilinoki, kama wasemavyo mafundi.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni jambo moja alilolisema dereva. Alisema geji ya joto haikupanda. Aliitazama mara kwa mara, maana alikuwa na mgonjwa, na mshale ulikuwa umelala chini ya nusu mpaka injini inakata roho. Watu wakadhani anasema uongo. Hakuwa anasema uongo. Kile kidude kinachopima joto kimechongwa ili kiogelee ndani ya maji. Maji yakishuka kikabaki hewani, kinapima hewa, na kinaweza kusoma pungufu wakati chuma kando yake kinaungua. Geji haikuwa mbovu. Ilitoa habari sahihi ya mahali ilipokuwapo.

Hapa nitoke kidogo nje ya barabara ya Nyamisati, kwa sababu nilipoelezwa habari ya geji sikulala usiku ule, na sababu haikuwa gari.

Nilipokuwa mkuu wa chuo nilikuta utaratibu wa zamani. Kila Jumamosi, baada ya mkutano wa asubuhi, wanachuo walipewa dakika kumi za kusema lolote, bila kuandika majina na bila mkufunzi kujibu papo hapo. Aliyeuanzisha alikwishaondoka, na hapakuwa na waraka unaoueleza. Mengi waliyosema yalikuwa ya kipuuzi: maharage yana wadudu, taa ya bweni imeungua, mkufunzi fulani anachelewa. Mimi ni mtu wa ratiba. Nikaona dakika kumi kwa wanachuo mia tatu ni saa hamsini za watu zinazopotea kila juma, nikazifuta. Nikasema mwenye jambo apitie kwa viranja. Na viranja waliniletea habari kila Ijumaa: chuo kimetulia, Mkuu. Mihula miwili baadaye wanachuo waligoma kula, wakavunja ghala, na vijana kumi na wanne wakarudishwa kwao. Baadhi yao hawakurudi tena katika ualimu. Katika ripoti niliandika kwamba hakukuwa na dalili yoyote. Ilikuwa kweli. Viranja wangu walikuwa wananipa habari sahihi ya mahali walipokuwapo wao, nao walikuwa wanakula meza ya pembeni.

Turudi Kibiti.

Siku chache baada ya gari kufa liliitishwa baraza la wazee, nyumbani kwa mmoja wetu, juu ya mikeka. Tulikuwa saba, pamoja na sheikh wetu, Mungu amrehemu. Gari likiwa limekufa na fedha zimekwenda, mpwa wangu alitaka haki. Fundi mwingine alikuwa ameitwa kutazama. Akakuta ile bolti, akaileta imefungwa katika gazeti, akaiweka katikati ya mkeka. Nilijua kila uzi wake.

Kijana akaulizwa, "Hiki ni nini?"

"Ni bolti. Nilizibia kimpira cha hewa."

"Nani alikwambia uzibe?"

Akainua macho, akanitazama. Si kwa muda mrefu. Kisha akatazama chini akasema, "Niliziba mwenyewe."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa na afya njema, nina akili zangu, na kinywa changu kilikuwa kitupu. Sikusema neno.

Sheikh alizungumza kwa upole. Alisema katika fikihi mtu anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, akamdhuru mgonjwa, hubeba dhamana. Na fundi ni kama tabibu wa vyuma. Wazee wakakubali. Kijana akaamriwa amlipe mwenye gari shilingi laki nane kwa mafungu. Akauza mashine yake ya kuchomelea. Alipomaliza fungu la mwisho aliondoka Kibiti, na karakana chini ya mkwaju ikawa kibanda cha kuuzia chipsi.

Hukumu ile haikuwa ya dhuluma kwa kadiri ya maneno yaliyosemwa mbele yao. Lakini hebu tuipime kwa maneno yasiyosemwa. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Wagiriki, aliligusa suala hili katika kitabu chake cha maadili. Alitenganisha anayetenda kwa kutojua na anayetenda akiwa hajui kwa kosa lake mwenyewe. Mlevi, kwa mfano, hajui analolitenda, lakini kutojua kwake amekunywa kwa hiari. Ndiyo maana, anatuambia, kulikuwa na sheria zilizomwadhibu mlevi mara mbili. Nami nikajiuliza, pombe ya mwalimu ni ipi? Nadhani ni kule kuheshimiwa. Unakunywa kidogo kidogo kwa miaka thelathini na mitano, shikamoo baada ya shikamoo, mpaka unaamini kwamba jambo usilolijua halina maana.

Maana tazama vizuri. Mimi na yule kijana wote hatukujua kazi ya kile kimpira. Lakini kutojua kwetu hakukuwa sawa. Yeye alijua kwamba hajui, akaomba siku mbili. Mimi sikujua kwamba sijui. Kama tabibu asiyejulikana kwa utabibu hubeba dhamana, basi katika karakana ile tabibu wa namna hiyo alikuwa mimi, mwenye gazeti, niliyekaa juu ya tairi.

Utasema: lakini fundi alikuwa yeye, mkono ulikuwa wake. Ni kweli. Na utasema pia kwamba mwanamke yule alisalimika, kwani bodaboda wawili walipita, wakampakia na mama mkwe wake, akafika hospitali, akajifungua salama mtoto wa kike. Mtoto huyo sasa yuko shule ya msingi, nimemwona. Nilipoambiwa usiku ule kwamba amejifungua salama nilishukuru, kisha nikahisi wepesi fulani, kana kwamba hatia yangu imepungua. Nimeukagua wepesi ule mara nyingi. Neno langu lilikuwa limesemwa wiki tatu kabla. Bodaboda wale wasingepita, neno lingebaki lilelile, herufi zilezile nne, na uzembe uleule. Kwa nini basi ningekuwa muuaji kwa kukosekana pikipiki, na niwe mzee mwema kwa kupita kwake? Wanafalsafa wanabishana juu ya hilo hadi leo. Mimi nimefika mahali pamoja tu: deni la mtu kwa mwanamke yule linaweza kutegemea bodaboda, lakini deni la mtu kwa nafsi yake halitegemei.

Na bado hilo la karakana ni dogo. Pale, niliteleza. Kwenye mkeka sikuteleza. Pale nilikuwa na muda, nilikuwa na habari zote, na nilichagua. Najua hata hoja nilizojipa. Nilijiambia kwamba nikisema, mpwa wangu na mimi tutagombana, na dada yangu ni mgonjwa. Nilijiambia nitamsaidia kijana kwa siri. Nilijiambia kwamba heshima ya mwalimu ni mali ya kijiji kizima, si yangu peke yangu. Hii ya mwisho ndiyo niliyoipenda zaidi, nayo ndiyo mbaya zaidi.

Katika somo la historia nilizoea kuwasimulia wanachuo habari ya manowari ya Wajerumani, Königsberg. Baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, mtambo wake uliharibika, ikaja kujificha humu humu katika delta yetu, pande za Salale. Vipande vya mtambo vilivyohitaji kutengenezwa vilipelekwa kwa njia ya nchi kavu mpaka Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa mtoni. Meli ikaishia kuzamishwa na wenyewe tarehe 11 Julai 1915 baada ya kupigwa vibaya. Nahodha wake, Looff, yumo vitabuni. Waafrika waliobeba vyuma vile kupita matope ya mikoko na misitu hawamo. Nilikuwa nawauliza wanachuo: kama kipande kimoja kingepotea njiani, wa kwanza kuulizwa angekuwa nani? Walijibu kwa pamoja, na mimi nilifurahia jibu lao. Niliipenda sana haki ilipokuwa ya mwaka 1914.

Ilinichukua miaka sita. Mwaka 2019 nilipata habari kwamba kijana yule yuko Mbagala, ana karakana yake. Nikauza korosho za msimu, nikafunga laki nane ndani ya bahasha, nikapanda basi. Nilimkuta amelala chini ya Hiace, miguu nje. Alipotoka na kuniona akafuta mikono kwa kitambaa, vilevile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Na hapohapo, nikiwa bado nimesimama, nikamwambia yote niliyokuja kusema: kwamba kosa lilikuwa langu, lote, kwamba yeye hakuwa na hatia hata chembe, na kwamba hii hapa ni fedha yake.

Hakuipokea bahasha. Akaniletea stuli, akaagiza soda. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia, nami nalieleza kama nilivyolishika.

"Mwalimu, usichukue lote. Mimi nilikuwa fundi. Nilijua kitundu hakichimbwi bure. Ungekuwa umeniambia nikate breki ningekata? Nilikuogopa tu, na niliogopa kwamba nikikataa utampeleka mpwa wako kwa fundi mwingine. Ile sehemu ni yangu, na nimeifanyia kazi. Ukiichukua nayo, nitabaki na nini?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimekuja kujitwika hatia yote na nilijiona mnyenyekevu kwa kufanya hivyo. Sikuwa nimefikiri kwamba kujitwika lote nako ni namna ya kumwambia mtu mzima kwamba alikuwa mtoto, kwamba mkono wake haukuwa wake. Aristotle husema mtu anayetenda kwa kutojua na asijute hana fungu moja na yule anayejuta. Kijana huyu alikuwa amejuta kwa miaka sita, kimyakimya, kwa kila mpira aliofunga. Majuto yale yalimfanya kuwa fundi aliyekuwa mbele yangu. Nami nilitaka kuyanunua kwa laki nane.

Akanionyesha gari lililokuwa ndani, Land Rover jingine la zamani lililotiwa injini ya dizeli ya kigeni. Akafungua boneti. Pembeni, juu kuliko injini yote, alikuwa amefunga kitangi, na kutoka kwenye themostati kulipanda kimpira chembamba, kimefungwa klipu kila baada ya shubiri moja ili kisibonyee. Akakifuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtoto anayesoma mstari.

Nilipoaga nikamwomba tena apokee fedha. Akasema, "Fedha nililipishwa mbele ya watu. Wewe yale maneno yako yapeleke palepale ulipoyaacha."

Nilirudi Mahege na nia hiyo. Nikamweleza kwanza mpwa wangu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjomba, mbona nilijua? Kijana yule hakuwa na uthubutu wa kuziba kitu mbele yako bila kukuuliza." Alikuwa amejua, naye akazipokea laki nane. Tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri, lakini hatujakaa tena mkeka mmoja kuzungumza habari ya gari. Bahasha nilimpa yeye, naye ndiye aliyeipeleka Mbagala, na kwake ilipokelewa.

Baraza ndilo lililonishinda. Sheikh alikwishafariki mwaka 2017. Mwingine alipooza na hasikii. Mwingine alihamia kwa mwanawe Kilwa. Wengine wawili wamezikwa baada ya mafuriko ya mwaka 2024, nami nilikuwapo katika mazishi yote mawili nikijiambia kwamba nitasema juma lijalo. Katika saba tuliokuwa juu ya mikeka ile tumebaki watu wawili tunaoweza kusikilizana, na huyo wa pili ni mpwa wangu.

Kwa hiyo nimeandika hapa. Vitabu kama hiki husomwa na wachache, lakini wanangu watagawa nakala Mahege na Kibiti, na wako watoto wa wazee wale wanaokumbuka kuwasikia baba zao wakilitaja jina la fundi aliyeua gari kwa bolti. Fundi yule aliomba siku mbili. Aliyesema "ziba" ni mimi.